Kijiko cha Kumzoesha Kidoti

Kila asubuhi Bibi alikaanga karanga, akazitwanga kwenye kinu, akaziuza dirishani. Binti yake, dobi, aliinamia karai la nguo za watu. Mjukuu, Kidoti, alikaa mkekani akisubiri uji.

Kidoti hakula karanga. Akizionja, midomo ilimwasha. Bibi aliona ni deko tu.

"Mjukuu wa muuza karanga anakataa karanga," alisema. "Samaki anaogopa maji."

"Mama, mwache," dobi alijibu.

"Hata mimi maziwa yalinisumbua. Tumbo likinguruma kama gari bovu, nikiharisha. Nikanywa kidogo kidogo, na niko hai. Tumbo ni kulizoesha."

Dobi alipotoka kuanika nguo, Bibi alichota kijiko cha karanga, akakikoroga ndani ya uji wa mtoto. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Wengi wamezikwa kwa mapenzi.

Uji haujafika nusu, Kidoti akaanza kukohoa. Midomo ikavimba, vipele vikatapakaa shingoni, pumzi ikapiga filimbi.

"Amerudi yule hasidi," Bibi alisema, akautazama mlango wa jirani.

Jirani huyo alikuwa fundi cherehani. Mtaa ulimwita Mchawi. Miaka ya nyuma, kaka yake Kidoti alikula mkate mlangoni kwake, akavimba, akafa kabla ya adhuhuri. Watu wakaivunja cherehani ya fundi. Waliovunja bado wapo, na wanaamkiwa kwa heshima. Mitaa yetu haikosi mabingwa wa kumtaja mchawi kabla hawajauliza marehemu alikula nini.

Fundi alisikia kikohozi, akatoka bila viatu.

"Nipe mtoto."

"Usimguse."

"Midomo hii nimeshaiona, Mama. Siku ile nilingoja. Leo singoji."

Akambeba mbio hadi zahanati, Bibi akimfuata huku anahema.

Muuguzi alimchoma Kidoti sindano ya paja. Taratibu pumzi ikarudi.

"Amekula nini?"

"Karanga, kijiko kimoja tu," Bibi alisema. "Namzoesha, kama nilivyozoea maziwa."

"Bibi, hayo ni mambo mawili. Tumbo lako halisagi maziwa vizuri. Utajaa gesi, utaharisha, lakini kikombe hakitakuua. Mtoto huyu ana mzio. Kinga ya mwili wake inaiona karanga kama adui, na katika kupigana nayo koo linaziba. Chembe tu inaweza kumuua. Msimzoeshe nyumbani. Akivimba midomo au pumzi ikibana, mleteni saa ileile. Hata sasa hatoki hapa, maana hali inaweza kurudi. Unga wake mnatwanga wapi?"

"Kwenye kinu changu."

"Kinu cha karanga?"

Bibi aliitikia kwa kichwa.

"Basi hata uji mtupu ulikuwa na karanga. Ni bahati tu amefika leo," muuguzi alisema.

"Na kaka yake?" Bibi aliuliza, akasimulia jinsi alivyovimba na kufa.

"Siwezi kuapa kwa mtoto ambaye sikumwona. Lakini dalili mnazosimulia ndizo hizi."

Fundi aliongea akitazama sakafu. "Mkate ule niliupaka karanga nilizonunua dirishani kwako. Nilisema siku ile. Mlikuwa mnavunja."

Kinu kile kikapasuliwa kuni. Bibi sasa anauza mkaa. Kidoti ana kinu kipya, bakuli lake na kijiko chake. Dobi amewaeleza walimu na majirani: asipewe chakula bila kuuliza kina nini. Tangu hapo mtoto hajavimba.

Bibi alikwenda kwa fundi kuomba msamaha. Fundi hakuinua macho kutoka kwenye sindano yake.

"Cherehani yangu mliivunja mbele za watu, Mama. Na hayo yaseme mbele za watu."

Kesho yake Bibi alisimama bombani, penye foleni ya maji, akasema yote: kijiko, kinu, mkate, na karanga zake mwenyewe. Waliovunja walikuwepo. Kila mmoja aliinama kuitazama ndoo yake, na ndoo zilikuwa tupu.