Pete ya Staha

Kivuli cha chuma kiliruka, kikageuka hewani, kikatua bila kishindo mbele ya Bi Riziki. Kamera zilizoning'inia darini ziliwafuata wote wawili. Watu wa studio walipiga makofi, ingawa vivuli havikuwa kitu kigeni tena mjini Tanga. Zama hizo vilicheza mpira, viliimba harusini, na wengine walidai vilijua hata kununa. Roboti hizi zilimeza picha za zamani za mtu, kisha zikautoa mwendo wake kama ulivyokuwa.

Hiki kilikuwa kimemeza picha za marehemu Akida, mume wa Bi Riziki, aliyecheza naye jukwaani tangu ujana wao.

"Mwanangu, mbona kinanikalia mbali?" Bi Riziki aliuliza.

"Hiyo ni pete ya staha, Bi Riziki," alijibu Mhando, injinia wa studio.

Pete yenyewe haikuonekana kwa macho. Vihisi vilivyozunguka kiuno cha kivuli vilipima nafasi, na sheria iliamuru chuma kiwe angalau dhiraa moja kutoka kwa mchezaji, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole, kisije kikamvunja mtu mbavu mbele ya kamera.

"Mimi sikuja hapa kucheza na ukuta. Iondoe."

Mhando alisita, kisha akaizima.

Wakacheza tena. Safari hii mkono wa chuma ulitua kiunoni mwake, pale pale Akida alipozoea kuuweka, na Bi Riziki akafumba macho. Ngoma ilipofika mwisho alifungua kanga yake, akaipitisha shingoni mwa kivuli ili akivute chini akipanguse uso. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kundi lao: mwanamume huinama, mwanamke humfuta jasho, ndipo ngoma huhesabiwa imekwisha.

Kivuli kikarudi nyuma.

"Hata hiki," Bi Riziki alisema, kanga ikimning'inia mkononi. "Hata hiki kinanikimbia!"

Maana hivyo ndivyo Akida alivyomfanyia msimu wao wa mwisho, hadharani. Watu wakanong'ona kwamba lisemwalo lipo, mzee ana mwingine. Bi Riziki hakuuliza. Alifunga virago akarudi kwao Pangani, akangoja afuatwe. Kilichomfuata ni habari ya msiba: kifua kimembana ghafla, na ameshazikwa.

Mhando alikuwa ameinamia skrini yake. "Pete nimeizima. Huu ni mwendo wake mwenyewe." Akaigeuza skrini upande wake. "Njoo uone, Bi Riziki. Kivuli hakijui kupenda wala kuchukia, kinajua misuli tu. Msimu ule, kila ulipomvuta shingo, kifua kilikaza kabla hajarudi nyuma. Tazama kiwiko kinavyolinda mbavu. Mzee alikuwa anaumwa. Haikuwa ghafla."

"Mbona hakuniambia?"

Aliuliza huku jibu analo. Katika kundi lao mwanamume akijulikana anaumwa, mwenzake hupewa mtu mwingine siku hiyo hiyo, na aliyetolewa harudishwi tena. Akida alikuwa ameyameza maumivu yake ili asitenganishwe naye, na yeye kwa kiburi akamwacha afe peke yake.

Alilia kwa sauti, pale pale chini ya taa. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kila mtu alibaki ndani ya pete yake.

Kisha akajifuta machozi kwa kanga ile ile, akaomba aletewe kigoda.

Walicheza mara ya tatu. Mwishoni alipanda juu ya kigoda, wakawa sawa, uso kwa uso. Hakuigusa shingo. Kivuli kilisimama kimya, hakikurudi nyuma hata kidogo, naye akalipangusa taratibu lile paji la chuma, kavu na la baridi.

"Kumbe ni kigoda tu, Akida," alisema. "Ungeniambia, mume wangu, ningeleta kigoda."