Bei ya Mashine ya Didia

Akiba huoza. Wahenga walisema haiozi, lakini wahenga hawakuwa na mashine ya kununua mwaka 1986. Akiba ya akina mama wa kijiji cha Didia ilioza ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na panya hakuigusa.

Ufunguo alikuwa nao Epifania, mke wa Gelasius, mkulima wa pamba. Kila wiki Epifania alijitwika debe la mahindi, akatembea hadi Tinde kusaga, akarudi shingo ikimuuma. Wenzake kumi na mmoja walifanya vivyo hivyo. Mwezi wa pili wakachoka. Wakawasihi waume zao, wakauza ng'ombe saba. Fedha ikatosha, maana mfanyabiashara mmoja mjini Shinyanga alikuwa akiagiza mashine za kusaga kutoka India, kila moja shilingi elfu thelathini na nne.

"Twende kesho tukainunue," Epifania alisema.

"Kesho ya nani?" aliuliza Bujiku. Huyu alikuwa mtemi wa sungusungu, jeshi la jadi linalolinda kijiji. "Jambo la ng'ombe saba haliamuliwi na wanawake kisimani. Tuvune kwanza, kisha wazee tukae."

Wakavuna. Wazee wakakaa mara tatu. Mwezi wa saba ndipo Epifania alipotumwa mjini. Alirudi na sanduku lile lile, fedha ile ile, na habari mbaya. Mashine sasa ilikuwa elfu themanini.

"Ni mashine nyingine?" Bujiku aliuliza.

"Ni ile ile."

"Imeongezewa gurudumu?"

"Haikuongezewa kitu, mtemi."

"Basi kilichoongezwa ni cha kwako. Wewe na huyo mfanyabiashara mmepanga bei, mgawane cha juu."

Hawakumpiga. Sungusungu wana adhabu inayouma kuliko fimbo: walimtenga. Neno likapita nyumba kwa nyumba. Asisalimiwe. Asipewe moto. Akifika kisimani, wengine wanyanyue ndoo zao waondoke. Jirani yake Mageni, ambaye Epifania alimzalisha watoto wawili kwa mikono yake, alimpita njiani kama anayepita kisiki.

"Mama Mbuke, mbuzi tunao," Gelasius alimsihi. "Peleka mmoja kwa mtemi kama mila inavyotaka, uombe radhi, yaishe."

"Nikimpeleka nimekiri wizi. Mbuke akikua ataolewa na nani, mtoto wa mwizi?"

"Kwa hiyo tutakula jeuri yako?"

"Nitakwenda kuuliza kwanza. Kisha nitajua la kula."

Alfajiri akapanda lori la pamba. Mjini alimtafuta Generoza, binti wa shangazi yake, karani wa benki.

"Ndugu yangu, niambie kweli. Mfanyabiashara ananiibia, au mimi ni mjinga?"

Generoza alimsikiliza hadi mwisho. "Si mjinga. Hukuambiwa tu," alisema. "Mwenye kiwanda kule India hataki shilingi yetu. Atanunua nini nayo? Anataka dola, fedha inayokubalika nchi nyingi. Mwezi wa pili mashine ilikuwa dola elfu mbili. Leo pia ni dola elfu mbili."

"Sasa mbona kwangu imepanda?"

"Ngoja. Mwaka wa njaa mmewahi kwenda kuhemea?"

"Mara ngapi! Tunapeleka mbuzi Usumbwa, tunarudi na mtama."

"Mbuzi mmoja kwa mtama kiasi gani?"

"Mwaka mzuri, magunia mawili. Mwaka mbaya, hata debe nne hupati."

"Mbuzi wako alikuwa amekonda?"

"La. Mtama ulikuwa haba, na sisi wenye mbuzi tulikuwa wengi." Epifania akasikia mwenyewe alichosema.

"Ndiyo hivyo," Generoza alisema. "Shilingi ni mbuzi wako. Dola ni mtama. Shilingi unazotoa ili upate dola moja ndizo tunazoziita kiwango cha ubadilishaji wa fedha. Mwezi wa pili zilikuwa kama kumi na saba. Leo ni arobaini."

"Hizo dola zimekwenda wapi?"

"Nchi huzipata kwa kuuza vitu nje: pamba yako, kahawa, katani, dhahabu. Huzitoa kununua mafuta, dawa, vipuri. Miaka hii tumeuza kidogo, tukanunua kwa bei kubwa. Zikawa haba. Tena hapa kwetu bei zimepanda. Shilingi mia haijazi kikapu ilichojaza zamani, kwa hiyo na nje haina nguvu ile. Kiwango hupangwa na serikali. Ilikishikilia muda mrefu, kama mtu anayezuia maji kwa viganja. Mwaka huu imeachia."

"Ni hasara tupu, basi."

"Si kwa kila mtu. Pamba huuzwa nje kwa dola. Dola ile ile sasa inaleta shilingi nyingi, kwa hiyo ipo nafasi ya kumwongezea mkulima bei. Anayeumia ni anayenunua kitu cha nje. Na anayeumia kuliko wote ni aliyekaa na shilingi sandukuni akisubiri."

Epifania aliinamisha kichwa. Wale ng'ombe saba walikuwa wameliwa na miezi mitano ya vikao.

"Tufanyeje?"

"Ng'ombe nao wamepanda bei. Uzeni siku ya kununua, si kabla. Na mwuzaji aandike bei yake inasimama hadi tarehe gani."

Wakaenda pamoja dukani. Mfanyabiashara akaandika: elfu themanini, kwa siku kumi na nne tu.

Jumapili baada ya misa, baraza lilikaa. Aliyetengwa hana neno barazani. Epifania alisimama hivyo hivyo. Mbele yake aliketi Ignas, mwana wa Bujiku, mchimbaji wa dhahabu kule Bulyanhulu, amevaa viatu vipya.

"Ignas, baba," Epifania alisema, "dhahabu ya uzito wa njiti moja ya kiberiti, mwezi wa pili uliiuza kiasi gani?"

Ignas alimtazama baba yake, lakini fahari ikamshinda. "Shilingi kumi na tano. Juzi nimepata thelathini na tano!"

"Njiti imerefuka?"

Watu wakacheka. "Njiti ni ile ile, mama. Wanunuzi wanasema dhahabu huhesabiwa kwa dola."

"Na mashine pia huhesabiwa kwa dola. Mtemi, mwanao amepanga bei na nani?"

Epifania akawaeleza yote, mbuzi na mtama, akawaonyesha karatasi yenye tarehe. Mageni alisimama wa kwanza. Alivuka uwanja mbele ya macho ya wote, akapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa lugha ya nyumbani: umeamkaje, mama.

Baada yake walikuja wengine.

Alhamisi ile wakapeleka mnadani ng'ombe watano zaidi, kujazia fedha ya sandukuni. Siku ya tisa kati ya zile kumi na nne, mashine ilishushwa Didia. Tangu hapo akina mama wakajiwekea sheria: akiba ya kununua kitu cha nje ikae zizini, isikae sandukuni, na bei isiyo na tarehe si bei. Hakuna tena aliyejitwika debe hadi Tinde.

Wiki moja baadaye Bujiku alifika mashineni na wazee wawili. Gelasius alikuwepo, akajifuta mikono haraka.

"Shikamoo, mtemi," Epifania alisema.

"Marahaba. Kijiji kimekurudisha, mayu. Hilo limekwisha. Lakini mila ni mila. Aliyetengwa hurudi kwa mbuzi na kwa kuomba radhi. Tena ulinihoji mbele ya mwanangu."

Gelasius alimtazama mkewe kwa macho ya kusihi. Epifania alizima mashine ili asikike vizuri.

"Bei niliyowaletea ilikuwa ya kweli, mtemi. Mbuzi sitoi. Na radhi siombi."