Sentensi Iliyofutwa

Land Cruiser nyeupe ilivuka daraja la mto Miyombo kwa kasi, maji ya matope yakiruka pande zote mbili.

Tumwagile alikuwa nyuma yake, mguu umekandamiza mafuta hadi mwisho. Defender yake ilinguruma.

Kisha daraja likaondoka.

Halikuvunjika kwa kishindo. Lililegea tu, upande mmoja ukazama, mbao zikaufuata mto mojamoja. Tumwagile alikanyaga breki. Gari likaserereka, likageuka ubavu, likasimama tairi moja likining'inia juu ya maji.

Ng'ambo, Land Cruiser haikupunguza mwendo. Ikapotelea kwenye mahindi.

Aliitazama mikono yake juu ya usukani. Haikutetemeka. Moyo ulimwenda polepole kama wa mtu anayesubiri chai. Ndivyo alivyokuwa tangu Samson, mwenzake wa kazi, auawe Tunduma mwaka uliopita. Alikula, alilala, alilenga shabaha. Basi.

Akatoa Thuraya, simu yake ya setilaiti.

"Kunguru kwa Kiota."

"Sema." Ilikuwa sauti ya Hezekia, mkuu wake, kutoka Dar es Salaam.

"Vaak amevuka, anaelekea kwenye nyumba yake ya Mikumi. Daraja limekwenda na maji."

"Neno la siri analo?"

"Analo."

Hezekia akaguna.

"Zimeni mtambo wa kozi, mkuu."

"Hatuwezi. Mtambo tumeukodi nje ya nchi. Leo Jumapili, wenyewe hawapokei simu. Na kesho asubuhi vyuo vyote vinafungua masomo. Mzuie kabla hajaingia humo."

"Sawa."

"Tumwagile, wewe u mzima?"

Alikuwa ameshakata.

Mwaka ule wa 2004 kila kitu kilikuwa sokoni: viwanda, mabenki, simu, hata elimu. Katikati ya soko hilo walimu wachache wa Kitanzania walikuwa wametunga kozi ya ufundi umeme kwa Kiswahili, ikifundishwa kwa intaneti katika vyuo vya wilayani. Lorens Vaak, mgeni aliyejiita mpiga picha za wanyama, akaiiba. Aliidurufu kwenye CD, akaiuza kuanzia Mikumi hadi mpakani.

Huo ulikuwa wizi. Kazi ya polisi.

Lakini wiki ile Kitengo, idara ya siri ya Hezekia na Tumwagile, kilinasa barua pepe zake. Kampuni iliyomtuma ilikuwa na kozi yake, ikitaka kuiuzia serikali. Kwanza ile ya Watanzania ilipaswa kuharibika. Vaak angeingia kwenye mtambo wenyewe na kuweka nakala zake mbovu mahali pa masomo halisi. Nchi nzima. Kila fundi anayekuja.

Tumwagile akarudisha gari nyuma, akageuza kuelekea Kilosa.

Mwalimu Ditram, mmoja wa waliotunga kozi ile, alikuwa peke yake darasani katika chuo cha Kilosa, kati ya kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Kengele za kanisani zilisikika kwa mbali. Alikuwa amevaa suti ya ibada, lakini ibadani hakwenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Umempa yule mgeni neno la siri."

"Nimempa."

Tumwagile alitarajia akane.

"Kwa nini?"

"Aliniahidi atawapa vijana bure. Wa Rudewa, wa Kisanga, wasio na ada ya chuo." Sasa aligeuka. "Mimi ni mtoto wa mkata mkonge, mama. Nilikaa nje ya mlango wa shule miaka mingi. Kozi hii nimeitunga mimi. Kufuli wameweka wengine."

Tumwagile hakubishana. Alitoa CD mfukoni, akaisukuma ndani ya kompyuta.

"Somo la tatu. Sikiliza."

Spika zikakoroma. Sauti ya Ditram mwenyewe ikatoka, tulivu, ya kirafiki: "Sasa shika bisibisi yako. Fungua kifuniko cha mota, uguse waya wa kwanza..."

Mwalimu akakunja uso.

"Hapana. Kabla ya hapo nilisema: zima umeme kwanza, kisha pima uhakikishe umezimika. Nimelirudia neno hilo somo zima!"

"Amelifuta. Somo la usalama lote amelitoa. Ameandika kwenye barua pepe yake kwamba ni refu, wanunuzi wanachoka."

Ditram akasogelea spika.

"Kuna kijana Tindiga," Tumwagile aliendelea, sauti ileile, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Mathayo. Alijifunza kwa CD hii. Alikwenda kutengeneza mota ya mashine ya kukoboa mpunga. Walimkuta mkono bado umeshika waya."

"Mathayo, mwana wa Agnesi?"

"Unamfahamu?"

"Nilimfundisha hesabu, darasa la sita." Mzee akaketi taratibu. "Nilisikia amefariki. Hakuna aliyeniambia alijifunzia wapi."

Akalia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka ndani ya suti. Tumwagile alimtazama, akingoja kitu kiamke kifuani mwake mwenyewe.

Hakikuamka.

Akatazama saa.

"Mwalimu, barabara imekatika. Mikumi naendaje?"

Ditram alifuta uso kwa kiganja. "Daraja la reli liko juu zaidi. Twende kwa Kornelio."

Kornelio alikuwa mkaguzi wa njia ya reli, mwenye kiberenge, kigari cha relini chenye injini ya dizeli na benchi mbili za mbao. Walimkuta anatoka kanisani, shati limepigwa pasi.

"Jumapili sifanyi kazi, dada."

"Kuna mtu anakwenda kuua watu. Ameshaua mmoja."

Kornelio akamtazama Ditram. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Babu yangu aliitolea jasho reli hii," Kornelio alisema, akikunja mikono ya shati. "Shikeni vizuri. Kinaruka."

Kiliruka kweli. Waliuvuka mto huku maji yakigonga nguzo chini yao, wakapita kijiji cha Ulaya, wakapita mashamba ya mkonge yaliyogeuka vichaka. Mara mbili barabara ilionekana kwa mbali, imegeuka uji wa tope. Hakuna gari ambalo lingekimbia humo. Tumwagile aliikagua bastola yake ya Makarov, akairudisha kiunoni. Vilima vya Mikumi vikajitokeza.

Hapo Nokia ya mwalimu ikalia mfukoni mwake.

"Ni yeye," akanong'ona.

"Pokea. Mfundishe."

"Nimfundishe nini?"

"Chochote. Taratibu."

Kornelio akazima injini. Kiberenge kikateleza chenyewe kwenye mteremko.

"Haloo? Ndiyo, bwana Lorens." Sauti ya mzee ilitetemeka, kisha ikanyooka. Ikawa ile ya darasani. "Mtambo unakukatalia? Usibofye kitu! Utafunga mtambo wote. Tuanze mwanzo. Nisomee unachokiona mbele yako. Hapana, kuanzia juu."

Tumwagile akaruka kabla kiberenge hakijasimama.

Nyumba ya Vaak ilikuwa juu ya kilima, na sahani kubwa ya setilaiti pembeni. Land Cruiser ilikuwa uani, tope hadi madirishani. Petro, dereva na mlinzi wa Vaak, alikuwa akiimwagia maji. Gobore lake lilikuwa limeegemezwa ukutani.

"Habari za saa hizi, kaka?"

"Nzuri. Unamtafuta na—"

Kiwiko cha Tumwagile kilimpata chini ya sikio. Alimdaka asianguke kwa kelele, akamlaza kando ya ndoo.

Kwenye dirisha lililo wazi, sauti ya Vaak ilisikika, Kiswahili chake kizuri lakini kimeanza kuchoka.

"Nimeshasoma huo ukurasa, mwalimu... Tena?... Sawa, sawa. Naandika neno la siri upya. Herufi ndogo zote?"

Tumwagile alifuata waya kutoka kwenye sahani hadi ukutani. Akafungua koleo lake la Leatherman.

"Aha!" Vaak alicheka. "Imekubali! Faili la kwanza linapanda. Asante sana, mwalimu."

Waya ukakatika.

Kicheko kikakatika nacho.

Risasi mbili zikatoka dirishani. Tumwagile alikuwa ameshafika mlangoni. Aliusukuma kwa bega, akaingia chini chini, akaupiga mguu wa meza. Kompyuta ya ThinkPad ikateleza. Vaak, badala ya kulenga, akanyoosha mkono kuidaka.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Mdomo wa Makarov ukamgusa shingoni.

"Tupa chini."

Bastola yake ikaanguka sakafuni. Vaak alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mwenye miwani na uso wa mhasibu. Makasha ya CD yalirundikwa nyuma yake hadi darini.

"Dada," alisema kwa upole, "unalinda kufuli. Waulize vijana wenu. Watakwambia mimi ndiye niliyewafungulia."

"Geuka."

"Nani atajua ni mstari gani umefutwa? Nani anasoma mambo ya usalama?"

"Mikono nyuma."

Pingu zikalia. Alipoinamia kompyuta, aliona matone mekundu yakidondoka juu ya herufi. Akajikagua. Risasi moja ilikuwa imepita kwenye nyama ya mkono wake wa kushoto. Hakuwa amehisi. Hata sasa aliona damu tu, kama damu ya mtu mwingine.

Kwenye kioo, faili la kwanza lilikuwa limekwama nusu. Kwa kuwa halikukamilika, mtambo ulilikataa. Masomo halisi hayakuguswa.

Akajifunga kitambaa, akapiga simu.

"Kiota. Nimempata. Hakuna kilichopita."

Hezekia akashusha pumzi. "Polisi wa Mikumi wako njiani. Na mwalimu?"

"Alitoa neno la siri. Na ndiye aliyemchelewesha mpaka nikafika."

"Aliyemsikia akikiri ni nani?"

"Mimi na wewe."

"Basi yaishe hapo. Tukimshitaki, magazeti yataiua kozi kabla ya huyo mgeni. Mwache arudi darasani."

Aliwakabidhi polisi Vaak na Petro, akateremka hadi relini. Ditram alikuwa amesimama kando ya kiberenge, mikono yote miwili mbele, vifundo vimeunganishwa, tayari kwa pingu.

"Rudi nyumbani, mwalimu. Hushitakiwi."

Mzee hakuishusha mikono. "Haiwezekani. Na Mathayo?"

"Serikali imemaliza."

"Mimi je? Niamke kesho nifundishe, kama hakuna kilichotokea?"

Tumwagile akakaza kitambaa mkononi.

"Tindiga si mbali na Kilosa," alisema. "Agnesi yuko pale. Hakuna atakayekulazimisha."

"Nitamwambia nini?"

"Sijui, mwalimu. Shikamoo."

Mzee akashusha mikono. "Marahaba."

Tumwagile akaelekea barabara kuu, kitambaa mkononi kikiendelea kulowa. Nyuma yake alimsikia Ditram akimwuliza Kornelio, kwa sauti ndogo, kama atakubali kumsindikiza hadi kwa mama mmoja Tindiga, leo leo, kabla hajaogopa. Kisha injini ikawaka.

Basi la kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam likatokea kwenye kona, taa zimewashwa mchana. Akalipungia kwa mkono mzima.

Likasimama. Akapanda.