Boti Nne Chini ya Gati

Boti zote nne za hifadhi zilizamishwa. Saa moja asubuhi, wageni wakiwa getini na darubini shingoni, zilikuwa chini ya gati, pua tu zikionekana juu ya maji.

"Ni wavuvi wa ng'ambo," meneja alisema kabla Inspekta hajauliza neno. "Tuliwakataza nyavu. Wakamate!"

Inspekta alivua viatu, akaingia mtoni, akapapasa matumbo ya boti. Hakuna tundu la shoka. Vizibo vya sakafuni ndivyo vilivyong'olewa. Akaenda bandani. Injini nne zilikuwa zimelazwa juu ya magunia, zimepanguswa, zimefunikwa turubai.

"Adui wa boti hafuniki injini isipate umande," alisema. "Nani ana ufunguo wa banda?"

"Mimi na nahodha."

Inspekta alitazama viganja vya meneja, laini kama vya mtoto mchanga. "Bwana, nati hufunguliwa upande gani?"

Meneja akakohoa.

Nahodha alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, miguu kainyoosha, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Umezizamisha wewe?"

"Mimi. Andika kwa herufi kubwa."

"Kwa nini?"

Mzee alinyoosha kidole ng'ambo, kwenye ukingo wa udongo uliotoboka matundu tele. Ndege wadogo waliingia na kutoka.

"Wana mayai mle. Boti ikipita mbio, wimbi linakula udongo, viota vinaporomoka. Nilisema tupite mbali. Huyu meneja akasema wageni wanataka picha za karibu."

"Ungeandika barua."

"Tatu! Ya mwisho nimemkuta kafungia karanga."

"Hiki ni kifungo, mzee."

"Nifunge. Ukiniachia leo, kesho nazizamisha tena."

Inspekta alitoa pingu, akasita. "Makinda wataruka baada ya siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

Akamgeukia meneja. "Boti ni vielelezo. Haziguswi. Uchunguzi utachukua siku thelathini na tano."

"Nitakushtaki kwa wakubwa wako!"

"Jina langu liko kifuani. Linakili vizuri."

Mzee alifungwa miezi sita. Akapoteza kazi ya miaka ishirini na mbili, ikiwa imebaki mitano tu astaafu. Inspekta alipewa barua ya onyo na uhamisho. Viota vilivyoporomoka kabla ya siku ile vilikuwa kumi na saba. Baada yake, hakuna hata kimoja.