Wimbo Uliobaki Kwenye Diski

Nilikuwa nafunga duka, jua limeshazama, kaka yangu alipotokea kona ya mtaa akiwa ameikumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa.

"Dada, nimeharibu."

Niliijua ile kompyuta. Ilikuwa ya marehemu mkewe, wifi yangu. Alipoona ugonjwa haumwachi, alijirekodi akimwimbia binti yao nyimbo za kulala. Mtoto hajui kulala bila sauti ile. Na kaka, ambaye hata balbu huniita nikambadilishie, alikuwa amejitia ufundi. Alitaka kuigawa diski upya apate nafasi, akaifuta sehemu yenye nyimbo.

"Umeweka kitu kingine humo baada ya kufuta?"

"Sijagusa. Mtoto alilia jana usiku kucha, dada. Analia tu."

Nikashusha pumzi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nakula kwa kuyazoa. Kilichofutwa kwenye diski huwa bado kipo, ila kiti chake kinahesabiwa kuwa wazi. Akija mwingine akakikalia, ndipo hupotea kabisa. Kwa hiyo kazi yangu ina sharti moja: usiandike chochote juu yake.

Nikaitoa diski, nikaiunganisha na mashine yangu, nikaanzisha programu ya kutafuta. Diski ikaanza kukoroma. Majina ya nyimbo yakajitokeza kwenye skrini, moja baada ya jingine, yote salama. Kaka akalia kwa furaha, kamasi na yote.

Halafu... harufu.

Ile dawa ya kuchua tuliyompaka wifi miguuni siku zake za mwisho. Duka zima.

Spika zikakwaruza. Krr... krr...

Sikuwa nimefungua wimbo wowote.

"Mume wangu... mtoto amekula?"

Kaka akapiga magoti mbele ya meza. "Amekula. Amekula, mke wangu. Uko wapi?"

"Huku baridi..."

Nywele zilinisimama. Lakini macho ya fundi hayana adabu, yakarudi kwenye skrini. Wimbo mmoja ulikuwa umetoweka. Wifi akasema neno jingine, na jingine. Ukatoweka mwingine, na mwingine.

Nikaelewa, na roho ikaniuma. Marehemu hakuwa na pa kusemea isipokuwa mle mle ndani ya diski. Kila neno lake jipya lilikuwa linaukalia wimbo wa zamani.

Nikanyoosha mkono nichomoe waya. Kaka akaudaka.

"Mwache aseme!"

"Anajifuta!"

"Mwache, dada!"

Nikaiinamia spika. "Wifi... ukiongea, nyimbo za mtoto zinafutika. Umebaki mmoja."

Spika zikaacha kukwaruza.

Nilisikia pumzi ikivutwa, pumzi ya mtu anayetaka sana kusema. Kisha ikakatika. Kaka alibembeleza, akatukana, akagonga meza kwa paji la uso. Hakujibiwa. Harufu ikaisha. Wimbo mmoja ukabaki.

Nilijaribu kuunakili kwenye diski nyingine, nakala ikatoka bubu. Basi nikairejesha ile sehemu iliyofutwa, nikairudisha diski kwenye kompyuta yake, nikamwapisha kaka asifanye lolote zaidi ya kumpigia mtoto wimbo ule. Aliapa bila kunitazama.

Jumapili iliyofuata, jioni, nikaenda kuwajulia hali. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini peke yake, macho mekundu.

"Mbona uko nje, mwanangu?"

"Shangazi, mama haimbi tena." Alinong'ona. "Anaongea na baba tu. Anamwambia waende huko kwenye baridi."

Wifi yangu aliyameza maneno yake yote ili mtoto huyu abakiwe na wimbo mmoja. Asingeufuta. Ningekula yamini kwa hilo. Basi anayemwita kaka humo ni nani?

Ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, kaka alicheka. Kisha akacheka mwanamke.

Nikambeba mtoto kifuani, nikamwita kaka kwa sauti. Vicheko vikakoma vyote kwa pamoja. Nikasubiri kaka aitike.

Iliitika sauti ya wifi yangu, taratibu, kwa upole ule ule niliouzoea.

"Wifi... mlete na mtoto."