Mluzi wa Kasimiri

Tupokigwe alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya pili, Sekela alipotokea mlango wa uani na kusema spika imepiga mluzi.

"Izime," alijibu bila kuinua macho.

"Mama, sijaichomeka."

Akaendelea kukuna. Kisha naye akausikia, mwembamba, kama birika lililosahaulika motoni nyumba ya tatu. Alinawa mikono akaenda sebuleni. Waya wa spika ulikuwa umelala sakafuni, mbali na soketi. Mluzi ulikuwa umekoma, ila palinuka kitu, kama nywele zilizoguswa na moto. Tupokigwe alijisemea kwamba mitambo hubaki na umeme ndani, kama pasi inavyobaki na joto, akafungua dirisha.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, Tandika. Kesho yake Sekela, mwenye miaka kumi na sita, angepiga gitaa kanisani kwa mara ya kwanza, na alikuwa amerudia wimbo uleule wiki nzima hadi mdogo wake Allen akaomba ahamie kwa jirani yao Hamida. Gitaa na spika vilitoka kwenye bendi ambayo baba yao, Wilfred, alikuwa fundi mitambo wake. Bendi ilikufa mwaka jana, siku mpiga gitaa wao Kasimiri alipoanguka jukwaani kwenye harusi, Mikocheni, gitaa hilihili mkononi. Ni moyo, watu walisema.

Tupokigwe alimpigia simu mumewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka nyumbani kurudi kazini. Wilfred alicheka, akasema mluzi si mzimu. Sauti ikitoka kwenye spika ikaingia kwenye nyuzi, nyuzi huirudisha kwenye spika, nayo huzunguka hivyo ikikua mpaka ipige kelele. Dawa yake ni kuvitenganisha: geuzeni spika itazame ukuta, Sekela asimame mbali, apunguze sauti, na asipopiga alaze kiganja juu ya nyuzi. Habari ya waya kuwa nje ya soketi aliiruka, na Tupokigwe aliona alivyoiruka.

Walifanya yote hayo, wakachomeka. Kwa saa nzima gitaa lilitoa sauti safi kabisa. Tupokigwe akarudi kwenye nazi yake.

Wilfred aliingia saa kumi na mbili, na kabla hajavua kiatu cha pili mluzi ulianza. Safari hii haukuwa wa birika. Alipiga hatua kuelekea kwenye spika ili apunguze sauti, nao ukapanda. Akazungusha kitufe hadi mwisho, nao ukapanda. Na umeme ulipokatika mtaa mzima, feni ikasimama, redio ya Hamida ikanyamaza, watoto wa nje wakapiga kelele kama kawaida yao, mluzi uliendelea peke yake ndani ya giza lile changa, ukipanda na kupanda, na ile harufu ya nywele ikajaa chumba hadi Tupokigwe akaionja ulimini, na ndipo alipomwona binti yake, mkono wa kulia umeng'ang'ania nyuzi, vidole vimekuwa vyeupe, mdomo wazi bila sauti.

Wilfred alimkimbilia. Kadiri alivyomkaribia, ndivyo mgongo wa mtoto ulivyozidi kupinda kwa nyuma.

"Toka nje," Tupokigwe alisema.

"Mwanangu yule."

"Wilfred, toka nje."

Akatoka hadi kizingitini. Mluzi ukashuka, na kidole kimoja cha Sekela kikalegea. Alipotoka hadi uani, mkono wote ukaachia na mtoto akaanguka mikononi mwa mama yake. Wilfred, kwa hofu, alirudi hatua moja kuchungulia. Nyuzi zikaanza kutetemeka zenyewe sakafuni. Tupokigwe hakuhitaji kuona mara ya pili. Walikuwa wametenganisha spika na gitaa, kumbe wa kutenganishwa na nyuzi alikuwa Wilfred, ambaye saa ile ya sauti safi alikuwa kazini.

Alimfuata uani, akaongea kwa sauti ya chini watoto wasisikie.

"Ulimfanya nini Kasimiri?"

Wilfred alikaa juu ya ile mbuzi. Siku ya harusi, alisema, spika ilikuwa inavuma, na mwenye shughuli analalamika. Akafanya wanachofanya mafundi wengi wakibanwa: akafungua plagi akakata waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini badala ya mwilini mwa mtu. Mvumo ukaisha, watu wakampigia makofi. Wimbo wa tatu, Kasimiri, mkono ukiwa kwenye nyuzi, aliweka midomo kwenye maiki.

"Watu walipokuwa wanambeba, mie nilikuwa naunga tena waya ule, wasije wakajua," alisema. "Mama yake alipoliomba gitaa, nikamwambia limeungua."

Tupokigwe hakumpiga. Alimwambia Jumatatu atakwenda mwenyewe polisi, ila leo, kabla ya chakula, wanalipeleka gitaa Mtoni, kwa mama yake Kasimiri.

Allen alibaki kwa Hamida. Wengine walipanda bajaji mbili, Wilfred ya kwanza peke yake, Sekela na mama yake ya pili na gitaa, mkono wa Sekela umefungwa kanga. Bi Anjelina, mama yake Kasimiri, aliitikia shikamoo ya Tupokigwe na ya Sekela. Ya Wilfred aliiacha ining'inie mlangoni. Alisikiliza maneno yote amesimama, kisha akalipokea gitaa, akalinusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga.

Wilfred alipiga magoti, akaomba msamaha.

"Nimekusikia," Bi Anjelina alisema. "Lakini mie sikufa. Kamwombe yeye. Kwangu hajaja hata siku moja, yupo kwako."

Akafunga mlango, taratibu.

Waliporudi na kumchukua Allen kwa Hamida, umeme ulikuwa umerudi. Tupokigwe aliibeba spika mwenyewe hadi nje ya geti, kisha akapakua wali wa nazi na samaki. Alihesabu kama anavyohesabu kila jioni kabla ya sala: Allen, Sekela, Wilfred, yeye. Wilfred alikaa mahali pake, akitazamana na Sekela, akafumba macho abariki chakula.

Alipofungua mdomo ndipo ulipotoka, mwembamba, kooni mwake. Gitaa lilikuwa Mtoni na spika iko barabarani, lakini upande wa pili wa meza vidole vya Sekela vilikuwa vinajikunja juu ya kijiko.

Tupokigwe aliinuka, akashika kiti cha mumewe kwa mikono miwili, akakigeuza na mtu wake juu, kikatazama ukuta. Mluzi ukashuka, ukafa. Vidole vikafunguka. Akamwekea Wilfred sahani mapajani.

"Utakuwa unakula hivyo," alimwambia.

Kisha akarudi mahali pake, akahesabu tena. Wote wapo.

"Kuleni," alisema, "wali unapoa."