Pumzi ya Tūroa

Jioni ile nilikwenda ufukweni mwa ziwa kujaribu maikrofoni kabla ya onyesho. Mji wetu wa Rotorua ulikuwa umeanza kuganda. Nyasi mbele ya jukwaa zilivunjika chini ya viatu. Harufu ya kiberiti inayotoka ardhini, ambayo sisi wa hapa tulishaacha kuisikia, niliisikia.

Piripi, fundi sauti, alikuwa akiota moto wa pipa.

"Rongo, mbona unatembea kama kuku aliyevunjika bawa?"

"Napasha filimbi."

Ndivyo tunavyofanya majira ya baridi. Filimbi ya mfupa ikipoa hulia kama mlango mbovu, kwa hiyo unaibana kwapani, mfupa kwa ngozi, hadi zamu yako ifike. Binamu yangu Tūroa ndiye aliyenifundisha. Tulipopiga barabarani, nje ya duka la samaki, yeye alipuliza, mimi nikamsindikiza kwa gitaa. Watu walisimama kwenye mvua kwa ajili yake. Mwanzoni mwa baridi hii kifua kilimbana, akafa. Usiku ule ningepanda jukwaani peke yangu kwa mara ya kwanza.

Na filimbi iliyokuwa kwapani ilikuwa yake.

"Rongo, mwanangu."

Shangazi Hinewai, mama yake Tūroa, alikuwa nyuma yangu, blanketi mabegani. Alinong'ona kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Ile filimbi ya Tūroa bado hatujaiona. Kesho alfajiri, nyota za Kilimia zikichomoza, tutaita majina ya waliotutoka mwaka huu, waende zao. Nataka niifukie kaburini kwanza, ndipo nimwite. Pumzi yake imo mle. Asiondoke nusu."

"Sijaiona, shangazi."

Alinipapasa shavu, akaenda kutafuta kiti cha mbele.

Mfupa ulikuwa wa moto kwapani. Wa moto kuliko mimi. Nikajiambia, nikishapiga nitampelekea. Mara moja tu, halafu nitampelekea.

Taa zikawaka. Nikaweka filimbi mdomoni, na sauti ikatoka laini, nene, sauti ambayo pumzi yangu haijawahi kuitoa. Watu wakanyamaza. Hata watoto. Nilipokaribia ubeti wa mwisho niliondoa midomo nivute hewa.

Sauti haikukoma.

Mvuke mweupe ulikuwa ukitoka kwenye tundu la filimbi… taratibu… kama wa mtu anayepumua kwenye baridi. Kisha, kwenye spika zote, pumzi ikakwama. Ikajikwamua.

Tūroa alikuwa na pumu. Kila alipokaribia mwisho wa wimbo, alijikwaa hivyo hivyo.

Walipiga makofi mpaka jukwaa likatetemeka.

"Kaka, ile pumzi ya mwisho umeiiga vizuri," Piripi alisema nilipokuwa nikishuka. "Kidogo nilie, na mimi si mtu wa kulia."

"Piripi… ule mvuke uliuona?"

"Mji huu? Hata mitaro inatoa mvuke. Nenda ukaote moto, umepauka."

Shangazi alinikuta nyuma ya jukwaa. Kabla hajasema neno nilimnyooshea filimbi kwa mikono miwili.

"Nimekudanganya. Nisamehe, shangazi. Ichukue."

Aliipokea. Hakunikaripia. Aliiweka sikioni, akafumba macho, kama mama anayesikiliza iwapo mtoto amelala. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitia hofu kuliko yote ya jukwaani.

Akanirudishia.

"Kaa nayo."

"Lakini kesho…"

"Nikiifukia itabidi nimwite. Nikimwita, atakwenda." Akanifunga zipu ya koti hadi shingoni, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni. "Ijumaa unapiga tena?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nitakuja."

Ningeweza kukataa. Siwezi kusema kwamba nilimhurumia tu. Masikioni bado nilikuwa nayasikia yale makofi.

Alfajiri tulipanda kilimani. Kilimia kilichomoza juu ya maji, kidogo, cheupe. Familia moja baada ya nyingine iliita jina la mtu wake, na sisi sote tukajibu kwa sauti ya chini, "Nenda salama." Jina, nenda salama. Jina, nenda salama. Zamu ya ukoo wetu ikafika.

Shangazi aliinamisha uso. Watu wakadhani ni machozi, wakamsubiri.

"Yupo mwingine wa kuita?" aliuliza aliyeongoza.

Yeyote wa ukoo angeweza kuita. Shangazi alinitazama. Hakunikataza. Hakuniomba.

Nikafungua mdomo.

Kwapani, chini ya koti, kitu kikavuta pumzi… kikaizuia. Kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nikaufunga.